Daftari la wapiga kura: kosa la kubakiza na kosa la kuacha

Oktoba 2024 wananchi wa Tanzania Bara walikutana na uandikishaji wa aina mbili kwa wakati mmoja. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi (INEC) ilikuwa ikizunguka mikoani na mashine za BVR (za kuandikisha kwa alama za vidole) kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kazi iliyozinduliwa Kigoma tarehe 20 Julai. Huku nyuma, Ofisi ya Rais TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) ilifungua vituo vyake tarehe 11 hadi 20 Oktoba, ikiandikisha wakazi kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba. Mwenye kadi ya mpiga kura aliuliza kwa nini aandikishwe tena. Aliyeandikwa kwenye kitabu cha mtaa aliuliza kadi yake ataipata lini. Viongozi walilazimika kurudia maelezo yaleyale: hizi ni orodha mbili, za mamlaka mbili, kwa chaguzi mbili.

Baadaye zikaja tarakimu. TAMISEMI ilitangaza kuwa imeandikisha watu 31,282,331 kwa siku 10, sawa na asilimia 94.83 ya lengo. Julai 2025 INEC ikatangaza daftari la watu 37,655,559. Kwa upande mmoja wa siasa idadi hizo zilikuwa ushahidi wa mwamko, na kwa upande wa pili ushahidi wa hila. Uchambuzi huu unashika msimamo tofauti: ukubwa wa daftari, peke yake, hauthibitishi mwamko wala hila. Daftari hupimwa kwa makosa yake, na makosa hayo ni ya aina mbili zinazovutana. Tena chanzo chake kikubwa kiko mbali na mashine ya kuandikisha, katika usajili wa vifo, vitambulisho na makazi.

Orodha ngapi, na za nani?

Msingi wa daftari la kudumu uliwekwa na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000. Uandikishaji ulianza 2004 na daftari likatumika mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa 2005. Kabla ya hapo orodha iliandaliwa upya kila uchaguzi ulipokaribia. Daftari la kudumu lina maana kwamba aliyeandikwa anabaki humo, na kazi ya tume ni kuongeza wapya, kurekebisha taarifa za waliohama au kukosewa majina, na kuwaondoa waliopoteza sifa. Kwa mujibu wa Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya 2024, kazi hiyo ifanyike mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na unaofuata.

Orodha ya serikali za mitaa ina tabia nyingine. Inaandaliwa kwa ajili ya uchaguzi husika, haina kadi, haina alama za vidole, na swali lake kuu ni ukaazi: je, huyu anaishi katika kitongoji au mtaa huu? Sababu yake inaeleweka, kwani mwenyekiti wa kitongoji anapaswa kuchaguliwa na wakazi wa kitongoji. Udhaifu wake nao uko wazi. Kitabu kinachoandikwa kwa mkono na kutumika mara moja hakilinganishwi kirahisi na kitabu cha kituo jirani, na ndiyo maana madai ya vyama vya upinzani kwamba waliandikishwa hata wanafunzi wasiotimiza umri, pamoja na kanusho la serikali, yalibaki neno la huyu dhidi ya neno la yule.

Zanzibar inaongeza tabaka jingine. Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC) ina daftari lake kwa uchaguzi wa Rais wa Zanzibar, wawakilishi na madiwani, na masharti yake ya ukaazi na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ni makali kuliko ya Muungano. Mtu asiyetimiza masharti hayo lakini ni raia wa Tanzania huandikishwa na INEC apige kura za Muungano tu. Kwa hiyo katika wapiga kura 1,004,627 waliotajwa kwa upande wa Zanzibar mwaka 2025, 725,876 walitoka katika daftari la ZEC na 278,751 waliandikishwa na INEC. Wanaolalamikia utaratibu huu husema kitambulisho kimegeuzwa mlango, na sheha, kiongozi wa shehia, amewekwa kuwa bawabu. Wanaoutetea hujibu kwamba visiwa vyenye majimbo madogo vinaweza kugeuzwa matokeo na wageni wachache. Hoja zote mbili zina uzito, na zote mbili zinatufikisha kwenye swali la makosa.

Asiyekuwapo na lake halipo

Kosa la kwanza ni la kubakiza: jina la marehemu, la aliyehama, la aliyeandikwa mara mbili, la asiye raia au la mtoto. Kosa la pili ni la kuacha: raia mwenye sifa ambaye hayumo, au alikuwemo akafutwa.

Kosa la kwanza lina sauti kubwa kwa sababu linahusishwa na wizi. Tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa Kenya wa 2007, ilikadiria kuwa majina ya watu wapatao milioni 1.2 waliokwisha kufariki yalikuwa bado kwenye sajili. Hata hivyo jina la marehemu halipigi kura lenyewe. Ili ligeuke kura lazima pawepo mtu wa kulitumia, karani wa kumwachia na wakala wa chama aliyefumba macho au aliyefukuzwa kituoni. Sajili iliyojaa majina yasiyostahili ni nafasi ya kutenda uovu. Haijawa uovu wenyewe.

Hata pasipo wizi, majina hayo yana gharama. Karatasi za kura huchapwa na vituo hupangwa kwa idadi ya walioandikishwa. Asilimia ya waliojitokeza huhesabiwa kwa kuwagawanya waliopiga kura kwa idadi hiyo. Na pale sheria inapodai nusu ya walioandikishwa wajitokeze, daftari lililovimba linaweza kuzuia uamuzi. Makedonia iliyaona haya katika kura ya maoni ya 2018 kuhusu jina la nchi: orodha ilikuwa na watu wapatao milioni 1.8, wengi wao wakiishi nje, na waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 37.

Kosa la pili halina kelele, maana aliyeachwa hana foleni ya kusimama wala karatasi ya kuonyesha. Tume hiyohiyo ya Kriegler iliona kuwa karibu theluthi moja ya Wakenya wenye sifa hawakuwa kwenye sajili, na kwamba wanawake na vijana ndio waliopungua zaidi. Miaka 15 baadaye picha haikuwa imebadilika sana. Sajili ya Kenya ya 2022 ilikuwa na watu 22,120,458, na vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini ya asilimia 40 ya sajili, pungufu ya idadi yao ya 2017. Waliokufa bila kufutwa na vijana wasioandikwa wanaweza kufidiana katika jumla moja, nayo ikaonekana nzuri. Hapo ndipo jumla inapodanganya.

Mashine inajua nini

Tanzania ilianza kutumia BVR kwa uchaguzi wa 2015, Kenya kwa uchaguzi wa 2013. Mashine huchukua picha, alama za vidole na saini, kisha mfumo hulinganisha rekodi na rekodi. Kwa kazi hiyo moja, ya kumnasa aliyejiandikisha Tabora na tena Nzega, ni vigumu kuipata njia bora zaidi.

Lakini kidole hakisemi mwenye nacho ana miaka mingapi, ni raia wa wapi, analala mtaa gani, wala kama yu hai. Hayo yote mashine huambiwa na mwandishi msaidizi, naye huambiwa na mwananchi au na karatasi aliyoshika. Vidole vyenyewe huchakaa kwa jembe, kwa saruji na kwa umri. Nchini Kenya, katika kesi ya uchaguzi wa 2013, iliibuka orodha maalumu ya watu 36,236 ambao alama zao hazikupatikana, na Mahakama ya Juu ikakubali kwamba sajili ilikuwa na sehemu kadhaa.

Kuna pia tofauti inayosahaulika kati ya kuandikisha kwa mashine na kumtambua mpiga kura kwa mashine siku ya kura. Kenya ilileta vifaa vya KIEMS mwaka 2017 ili kidole kithibitishwe kituoni. Tanzania imetegemea daftari lililochapwa lenye picha, na macho ya karani na mawakala. Njia ya Kenya hufunga mlango wa kura ya marehemu vizuri zaidi, ila kifaa kikigoma kituo kinaweza kusimama. Njia ya Tanzania haisimamishwi na betri, lakini inadai mawakala walioruhusiwa kweli kuwamo chumbani.

Hesabu ya 2025

Kabla ya kuanza uboreshaji, INEC ilikuwa na daftari la watu 29,754,699. Ilitarajia kuandikisha wapya 5,586,433 na kuondoa 594,494, ili ifike 34,746,638. Ilifika 37,655,559, yaani karibu milioni 2.9 zaidi ya makadirio yake yenyewe. Kwa Tanzania Bara peke yake daftari lilitaja watu 36,650,932, ilhali lengo la TAMISEMI miezi tisa nyuma, lililotokana na makadirio ya wenye umri wa kupiga kura, lilikuwa 32,987,579. Pengo ni zaidi ya milioni 3.6.

Pengo hilo lina maelezo kadhaa yasiyo na hila. INEC huandikisha hata anayetarajiwa kutimiza miaka 18 ifikapo siku ya kura, hivyo kundi la karibu mwaka mzima liliingia ambalo TAMISEMI haikulihesabu. Makadirio yanayotokana na sensa ya 2022 yanaweza kuwa chini ya uhalisia. Kadi ya mpiga kura hutumika kama kitambulisho, na mahali ambapo kitambulisho cha taifa (NIDA) kinachelewa mtu ana sababu ya kuifuata kadi hata kama hana nia ya kupiga kura. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ambako kadi ya tume ya uchaguzi (CENI) imekuwa kitambulisho cha kawaida cha raia, mvuto huo ni mkubwa zaidi.

Yapo pia maelezo yasiyofurahisha. Makadirio ya kuondoa watu 594,494 ni asilimia 2 tu ya daftari, baada ya miaka karibu mitano, na ndani yake wamo si marehemu pekee. Hiyo ni sawa na watu 4 kwa kila 1,000 kwa mwaka, kiwango kinachoonekana kidogo kwa daftari la watu wazima, wakiwamo wazee wote wa nchi. Inaelekea, basi, kwamba marehemu wengi walibaki. Inawezekana vilevile kwamba waliopoteza kadi walijiandikisha kama wapya, na si wote walionaswa na mfumo.

Ni sehemu gani ya pengo inatokana na sababu ipi? Umma hauwezi kujua bila ukaguzi huru uliochapishwa. Hapa Kenya imetangulia: sheria yake inadai sajili ikaguliwe kabla ya uchaguzi mkuu. Ukaguzi wa kampuni ya KPMG mwaka 2022 uliwataja marehemu 246,465 na rekodi za watu walioandikwa zaidi ya mara moja. Matokeo hayo yaliiaibisha tume, lakini yaliwapa wabishani kitu cha kushika. Walibishana juu ya tarakimu iliyopimwa, na tume ikajua mahali pa kuanzia.

Njia tatu za kulijaza daftari

Njia ya kwanza inamwachia raia mzigo: aende mwenyewe kituoni. Ndiyo ya Tanzania, Kenya na majimbo mengi ya Marekani. Nguvu yake ni kwamba taarifa hutoka kwa mwenyewe, na serikali haihitaji kujua anakoishi kila mtu. Udhaifu wake ni kwamba humpendelea mwenye muda, nauli na karatasi. Mfugaji anayehama na mifugo na mfanyakazi wa zamu wanaweza kuukosa mzunguko wa siku saba kituoni kwao. Kenya, kwa kudai kitambulisho cha taifa au pasipoti, inaupeleka mzigo hatua moja nyuma. Jamii za mipakani zilizochujwa kwa miaka mingi kabla ya kupewa vitambulisho zilikuwa zikichujwa pia katika sajili ya kura, hata baada ya Katiba ya 2010 kusema wazi kwamba utaratibu wa uandikishaji uwarahisishie raia badala ya kuwanyima. Amri ya Februari 2025 ya kuondoa mchujo huo ilikuwa, kwa maana hiyo, amri ya uchaguzi pia.

Njia ya pili inampeleka karani mlangoni. India ina maofisa wa kila kituo cha kura wanaopita nyumba kwa nyumba. Kanada nayo ilihesabu wapiga kura kwa njia hiyo hadi 1997, kabla ya kuhamia sajili ya kudumu. Nguvu yake ni kuwafikia wasiojua au wasioweza kufika, na kupata habari za vifo na kuhama papo hapo kutoka kwa jirani. Udhaifu wake ni gharama, na madaraka anayopewa karani. Mahali ambapo mjumbe au mtendaji anajulikana kwa chama chake, hodi hiyo inaweza kupokelewa kwa hofu.

Njia ya tatu haina uandikishaji wa kura kabisa. Uswidi huchota orodha yake kutoka kwenye rejista ya wakazi siku 30 kabla ya uchaguzi, na raia huletewa taarifa nyumbani. Ujerumani hufanya karibu hivyohivyo. Marehemu hutoka siku kifo chake kinaposajiliwa, na kijana huingia anapotimiza umri. Ni njia safi kuliko zote, kwa sharti moja gumu: kila kuzaliwa, kila kifo na kila kuhama kuwe kumesajiliwa. Uganda iliijaribu kwa namna yake, ikajenga daftari la 2016 lenye watu 15,277,198 kutokana na takwimu za vitambulisho vya taifa. Iliokoa gharama na kupunguza marudio, lakini waliotimiza miaka 18 baada ya zoezi kufungwa mwaka 2015 walibaki nje. Ukiunganisha daftari na kanzidata yenye mapengo, mapengo yote yanahamia kwenye kura.

Tanzania inaizungumzia njia ya tatu kila mara inapotajwa NIDA na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Tatizo haliko kwenye nyaya za kuunganisha mifumo. Vifo vingi vijijini hutokea nyumbani, mazishi hufanyika kesho yake, na hakuna anayehitaji cheti isipokuwa pana mirathi, benki au pensheni. Ndugu hana faida yoyote ya kwenda kituoni kuripoti kwamba marehemu afutwe. Kufuta kwa kutegemea hiari ya wafiwa kutaendelea kuleta vipande tu vya ukweli.

Kufuta ni kugumu kuliko kuandika

Anayetaka daftari safi kwa haraka huamuru msasa wa jumla. Jimbo la Bihar, India, lilifanya hivyo mwaka 2025, miezi michache kabla ya uchaguzi wake. Orodha ya watu karibu milioni 79 ilipoandaliwa upya, rasimu ya tarehe 1 Agosti iliwaacha nje watu wapatao milioni 6.5, kwa maelezo kwamba wamefariki, wamehama au wameandikwa mara mbili. Wakosoaji walisema maskini na vibarua wanaohamahama walidaiwa karatasi wasizo nazo. Mahakama ya Juu haikulisimamisha zoezi. Iliamuru majina ya walioachwa yachapishwe pamoja na sababu ya kila mmoja, na baadaye kadi ya Aadhaar ikubaliwe kama utambulisho. Orodha ya mwisho ilikuwa na watu wapatao milioni 74.2.

Ohio, Marekani, ilichukua njia ya taratibu: asiyepiga kura kwa miaka miwili huandikiwa barua, na asipojibu wala kupiga kura kwa miaka minne zaidi hufutwa. Mahakama ya Juu ya nchi iliukubali utaratibu huo mwaka 2018. Una ratiba inayojulikana mapema, na hilo ni jema. Lakini unachukulia ukimya kuwa dalili ya kuhama, ilhali raia ana haki ya kukaa kimya uchaguzi mmoja na kurudi unaofuata.

Kutokana na mifano hii miwili linajitokeza swali moja: nani anabeba mzigo wa kuthibitisha? Kwa anayeingia mara ya kwanza, si dhuluma kumtaka aonyeshe sifa zake. Kwa aliyemo tayari, haki imekwisha kutambuliwa. Anayetaka kuiondoa ndiye alete ushahidi, amjulishe mhusika, na ampe muda wa kujibu. Uwekaji wazi wa daftari la awali na utaratibu wa pingamizi, ambao Tanzania inao, vimejengwa juu ya wazo hilo. Kasoro iko kwenye matumizi: karatasi hubandikwa kwa siku chache, na anayetafuta jina lake mwenyewe hana sababu ya kusoma ya jirani aliyefariki.

Uwazi una mpaka wake

Vyama hudai nakala nzima ya daftari ili vilikague. Dai hilo lina msingi, kwani tume inayojikagua yenyewe hujipa alama yenyewe. Lakini daftari lina tarehe za kuzaliwa, makazi na picha za mamilioni ya watu, na nchi zote mbili sasa zina sheria za kulinda taarifa binafsi, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Mfanyabiashara wa namba na tapeli wa simu wangelifurahia daftari hilo kuliko wakala yeyote.

Njia ya kati ipo. Majina na vituo viwekwe wazi ili yeyote athibitishe, na taarifa nyeti zifunguliwe kwa wakaguzi waliokula kiapo, mbele ya wawakilishi wa vyama. Takwimu zichapishwe kwa kata na kwa umri: wangapi wameingia, wangapi wametoka, kwa sababu gani. Kata yenye wapiga kura wengi kuliko watu wazima wa sensa itajionyesha yenyewe bila kuanika siri ya mtu.

Kuweka kwenye mizani

Hakuna njia isiyo na hasara. Ukikaza masharti ya kuingia unapunguza majina yasiyostahili na kuongeza raia walioachwa. Ukilegeza, unapata kinyume chake. Lakini hasara hizo hazilingani. Jina lisilostahili linaweza bado kuzuiwa siku ya kura na karani, wakala au kifaa cha kidole. Raia aliyeachwa hana kinga ya pili. Siku ya kura kwake imekwisha kabla haijaanza. Kwa sababu hiyo mlango wa kuingia uwe mpana, wa kutoka uwe wa ushahidi, na ukali uwekwe kituoni.

Daftari nalo lisibebeshwe yasiyo yake. Uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulikosolewa na waangalizi wa Umoja wa Afrika kwa mambo mazito kuliko orodha ya majina, na chama kikuu cha upinzani hakikuwa na mgombea. Daftari safi haliwezi kuziba pengo la ushindani. Lakini daftari lisilokaguliwa huongeza shaka juu ya shaka, na kuwanyima hata watumishi waaminifu wa tume njia ya kujitetea.

Kwa muhtasari

Kwanza, mkanganyiko wa 2024 ulitokana na kuwa na orodha zaidi ya moja zenye malengo tofauti. Orodha ya mitaa ingeweza kutokana na daftari la kudumu, kwa kuongeza uthibitisho wa ukaazi, na mwananchi akaandikwa mara moja. Pili, jumla kubwa si sifa wala ushahidi wa wizi. Tuulize wangapi hawakustahili na wangapi wameachwa. Tatu, mashine hushughulikia tatizo la kujiandikisha mara mbili tu, na mengine yote hutegemea usajili wa vifo, vitambulisho na makazi. Nne, ukaguzi huru wa lazima, kwa tarehe iliyowekwa na sheria na wenye matokeo yanayochapishwa, ndiyo hatua ya bei nafuu ambayo Tanzania haijaichukua na Kenya inayo tayari. Tano, kufuta jina kunahitaji sababu, taarifa na muda. Serikali itakayofanya cheti cha kifo kiwe rahisi kupatikana kijijini itakuwa imelisafisha daftari zaidi ya itakayonunua mashine mpya.